Gari la kulala linazima njiani, fundi akifika linawaka: nimwite nani, nimwambie nini?

SWALI: Assalaam alaikum. Mimi ni mkazi wa Malindi. Nina Toyota Hiace ya zamani, injini ya 3L ya dizeli, niliyoigeuza ikawa gari la kulala: ndani kuna kitanda, jiko la gesi na friji ndogo inayotumia betri ya pili, na chini ya chasisi kumefungwa tangi la maji la lita 80 kwa mikanda ya chuma. Hapa mjini gari halina neno. Lakini nikijaza mafuta na maji nikashika safari, baada ya saa moja hivi linaanza kukosa nguvu, nakanyaga mafuta halichukui, mwisho linazima. Nikikaa nusu saa linawaka. Mafundi wamebadilisha filta, wamesafisha nozo, na sasa mmoja anasema ninunue pampu nzima. Mara ya mwisho lilinizimikia njia ya Sala Gate, lile lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, tumeshapita Langobaya, nina watoto ndani. Fundi alifika baada ya saa mbili, akazungusha ufunguo, likawaka. Nikamlipa nauli akarudi. Nimwite nani, na nimwambie nini ili ugonjwa wenyewe uonekane?

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Kabla ya yote, hiyo pampu usinunue bado. Pampu ya 3L iliyochoka ina dalili zake, na ulizoandika wewe sizo. Pampu ikilika ndani, gari husumbua kuwaka likiwa moto. Unalizima mwenyewe, unashuka kununua maji, ukirudi stata inazunguka na kuzunguka na injini haishiki mpaka ipoe, au mpaka pampu ifunikwe kitambaa kilicholowa maji. Likishashika, linakwenda. La kwako ni kinyume chake: linakata likiwa mbioni, kisha linawaka bila taabu. Pampu ni fedha nyingi, na ukiifunga kwenye gari hili nina hofu utazimikiwa palepale ulipozimikiwa mwanzo.

Barua yako ina mambo matatu ambayo huenda hakuna fundi aliyekuuliza. Gari linapungua nguvu kwanza, halafu linazima. Linafanya hivyo ukiwa umejaza mafuta. Na linafanya hivyo safarini, yaani siku ambayo umejaza na maji pia.

La kwanza linatuondolea shaka ya umeme, au karibu kuiondoa yote. Injini ya 3L ni ya kizamani, haina kompyuta. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ili iendelee ni ule wa waya mmoja tu unaokwenda kwenye kidude kilicho juu ya pampu, cha kufungua na kukata mafuta. Waya huo ukipoteza moto, injini inakatika papo hapo kama uliyezima kwa ufunguo. Haipungui nguvu, haikohoi. Gari linalokufa polepole limenyimwa mafuta.

Sasa kwa nini linyimwe mafuta likiwa limejaa tangi? Hapa ndipo ningekaa mimi. Kila lita ya dizeli inayotoka kwenye tangi lazima nafasi yake iingie hewa. Hewa hiyo hupitia kwenye vali ndogo ya mfuniko, au kwenye mpira mwembamba wa kupumulia unaotoka juu ya tangi. Njia hizo zikiziba, unakuwa kama mtu anayenywa dafu kwa kukibana kitundu chote kwa midomo: mafundo ya kwanza yanakuja, kisha hakiji kitu mpaka aachie hewa iingie.

Tuchukue mfano wa tangi la lita 70. Umelijaza mpaka juu, pamebaki hewa ya lita 5 tu. Saa moja ya barabara, injini hiyo yaweza kula kama lita 8. Ikiwa hewa mpya haiingii, zile lita 5 za hewa zinalazimika kutanuka zijaze nafasi ya lita 13, na shinikizo ndani ya tangi linashuka chini ya nusu ya lile la nje. Muda mrefu kabla ya kufika hapo pampu imeshasalimu amri, kwa sababu 3L haina pampu nyingine ndani ya tangi ya kusukuma mafuta. Ile iliyoko mbele kwenye injini ndiyo inayovuta yenyewe. Sasa chukua tangi hilohilo likiwa nusu. Hewa iliyomo ni lita 35, nazo zikitanuka kuwa 43, shinikizo linapungua chini ya moja ya tano. Pampu inavumilia, na wewe hujui kitu.

Kwa hiyo mjini, unakotia mafuta kidogo kidogo na kwenda masafa mafupi, gari ni zima. Siku ya safari unajaza, na ndiyo siku linayokuzimikia. Ukikaa nusu saa, hewa inapenya taratibu kwenye upenyo wowote inaoupata, tangi linatulia, na fundi anafika kukuta gari lisilo na ugonjwa. Yule bwana wa Langobaya hakukudanganya. Alifika ushahidi umeshaondoka.

Ni nini kimeziba? Mimi ningeanza na lile tangi la maji. Lita 80 ni kilo 80, na zinaning'inia kwa mikanda ya chuma chini ya gari, kwenye barabara yenye matuta na mashimo. Ikiwa aliyelifunga aliupitisha mkanda au fremu yake karibu na mpira wa kupumulia, tangi likiwa tupu mpira uko huru, likijaa linashuka kidogo na mpira unabanwa. Gereji wanalijaribu gari bila maji, kwa hiyo hawawezi kuona. Lijaze maji, lipandishe kwenye shimo la gereji au jukwaa la kuoshea magari, ulale chini na tochi uufuate ule mpira kwa mkono kutoka kwenye tangi la dizeli mpaka mwisho wake. Tafuta pale ulipobonyea au palipong'aa kwa kusuguliwa. Usitosheke kuutazama, maana mara nyingi umebanwa upande wa juu usioonekana. Ukishalala hapo chini, angalia na ncha yake: huku pwani nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana vitundu vya namna hiyo, na gari lililokaa wiki kadhaa bila kutembea ni nyumba kwao.

Kisha mfuniko. Kama ule wa asili ulipotea ukanunua wa bei rahisi, au ukatafutiwa wa gari jingine unaoingia tu, yawezekana hauna vali kabisa. Hata wa asili vali yake hukwama kwa vumbi na chumvi.

Wapo washukiwa wengine wawili, nao wanatambulikana kwa kiasi cha mafuta. Uchafu ndani ya tangi, matambara, gundi iliyoyeyuka, kutu, huvutwa ukaziba chujio la chini ya bomba la kunyonyea. Ukizima injini unaanguka, ukiwasha baada ya nusu saa njia iko wazi. Dalili yake inafanana sana na yako, ila huzidi mafuta yanapopungua, kwa sababu uchafu umekusanyika kwenye mafuta machache. Na lile bomba la kunyonyea likiwa na ufa mahali katikati, gari litakuwa zima mpaka mafuta yashuke chini ya ufa, ndipo lianze kuvuta hewa. Kwa hiyo swali langu kwako ni moja: je, limewahi kukuzimikia tangi likiwa chini ya nusu, safari ndefu? Kama halijawahi hata mara moja, mimi natia mkono wangu kwenye mfuniko na mpira. Kama limewahi, tangi lishushwe likaoshwe.

Siku likizima tena, ile nusu saa ya kwanza ni mali. Usiitumie kupiga stata. Kila ukipiga stata unamaliza betri, na dakika zinazopita zinaufuta ushahidi.

Litoe gari nje ya lami kabisa, weka zile pembetatu mbili nyekundu mbele na nyuma, mbali kiasi cha lori kuwahi kupunguza mwendo, na watoto wakae kivulini mbali na barabara, wasikae ndani ya gari. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko. Halafu chukua kipande cha karatasi laini ya shashi, nenda kwenye mfuniko wa mafuta. Kishike kwenye ukingo wa mfuniko, uufungue kidogo kidogo sana. Usisikilize tu, tazama karatasi. Siku ya jua kali tangi zima pia laweza kutoa sauti, lakini hilo linapumua nje na karatasi inapeperuka kuelekea kwako. La kwako, ikiwa nimekisia sawa, litavuta: karatasi itanyonywa kwenye ufa wa mfuniko na utasikia mvuto mrefu, pengine na bati la tangi likilia linaporudi mahali pake. Hapohapo ubonyeze ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, uwashe. Likiwaka baada ya dakika mbili badala ya nusu saa, umeshampata mwizi, na hukumwita mtu.

Ili kufika nyumbani, uache mfuniko ukiwa umelegea kidogo, ufunge kitambaa safi juu yake vumbi lisiingie, na uendeshe polepole kwenye kona mafuta yasimwagike; dizeli barabarani huangusha watu wa bodaboda. Hii ni kwa dizeli. Gari la petroli usilifanyie hivi.

Kama karatasi haikuvutwa, mfuniko uache wazi na uendelee. Bonyeza ile pampu ya mkono. Ikizama isirudi juu, au ikarudi kwa uvivu, njia ya kutoka tangini imeziba: ni chujio la tangi au paipu iliyojikunja. Ikiwa laini haina uzito hata ukibonyeza mara nyingi, mfumo unavuta hewa mahali. Na ukiwa na taa ya kupimia, ile ya waya mmoja yenye klipu, swichi ikiwa imefunguliwa gusisha ncha yake kwenye waya wa kidude cha kukata mafuta nilichokitaja. Taa ikiwaka vizuri, shaka ya umeme iweke kando. Isipowaka, au ikiwaka hafifu, mtafute aliyekufungia betri ya pili na friji umuulize moto wa friji aliuchukua wapi. Wengine huunga kwenye waya wa swichi kwa kuwa uko karibu. Chumvi ya bahari huingia kwenye maungio ya namna hiyo na shaba inageuka kijani ndani ya utepe bila wewe kuona.

Sasa umwite nani. Wengi hupiga simu kwa fundi yeyote wanayemjua na kusema, "Gari limekata, njoo." Fundi naye hubeba spana zake, kwa kuwa hakuambiwa kingine. Gari la dizeli lenye dalili zako linamtaka fundi wa mifumo ya dizeli. Mtafute kabla ya safari, mfahamiane, umwonyeshe gari mjini. Siku likizima mwambie hivi:

"Fundi, mimi na ile Hiace, 3L ya dizeli. Nimezimikiwa mbele ya Langobaya saa nne na dakika kumi. Lilikosa nguvu polepole kisha likazima. Tangi limejaa, maji yamejaa. Halikuchemsha, geji ya joto iko katikati. Nimefungua mfuniko, karatasi haikuvutwa. Pampu ya mkono imezama hairudi. Waya wa pampu una moto. Njoo na mpira mpya wa mafuta mita mbili, klipu, filta moja na dumu safi la lita tano."

Simu hiyo haizidi dakika moja, na inamfanya aje na vitu vinavyotakiwa. Dumu lina kazi kubwa kuliko vyote. Fundi anachomoa paipu inayotoka tangini na ile inayorudisha mafuta, zote mbili anazitia kwenye dumu lenye dizeli safi lililofungwa imara mahali pasipo na joto la injini, na gari linatembea kwa dumu. Likienda mwendo ule uliozoea kulizima nalo lisizime, pampu imeachiwa huru na kosa liko nyuma, kwenye tangi na paipu zake. Likizima hata kwa dumu, hapo ndipo pampu na filta zichunguzwe. Ni jaribio rahisi na linakuokoa kununua kwa kubahatisha. Ninasikitika kila nikiona mtu amebadilisha pampu bila kufanyiwa hili.

Mahali ulipo nako kunabadilisha mambo. Kati ya Malindi na Gede mtu wa Malindi anakufikia haraka. Ukishapita Matsangoni, mpigie wa Kilifi. Njia ya kaskazini, Gongoni utapata mafundi wa jua kali wenye mikono mizuri, lakini kutoka hapo mpaka Garsen kuna vipande virefu visivyo na mtu na simu hukata, basi ukiona dalili ya kwanza ya kukosa nguvu, geuza ukiwa bado karibu. Wanaokwenda Lamu kwa barabara watembee mchana, na wakikwama watoe habari kwenye kizuizi cha polisi kilicho karibu badala ya kubaki wenyewe mpaka giza. Ukumbuke gari lenyewe linaishia Mokowe, ng'ambo ni kwa boti, kwa hiyo fundi wa Lamu mjini si wa kumtegemea kwa gari lililokwama bara. Njia ya Sala Gate baada ya Baolala magari ni machache; hapo maji ya kunywa ya siku nzima yasikose, na mtu mmoja nyumbani ajue mtakuwa mmefika saa ngapi. Ukiwa na mtandao, mtumie fundi mahali ulipo kwa ramani ya simu, na umtajie pia shule, msikiti au kanisa la karibu, maana simu yake yaweza kukosa mtandao akiwa njiani.

Habari ya fedha, muelewane kwenye simu: nauli yake ni kiasi gani, na kutafuta kosa ni kiasi gani, mbali na bei ya vipuri. Fundi anayelipwa kwa kutafuta kosa hana haja ya kukuuzia kipuri ili naye apate chake. Hili ni la haki kwenu nyote wawili. Vipuri vya zamani udai urudishiwe mkononi. Na kando ya barabara, jua linawaka na watoto wanalia, usikubali kununua kitu kikubwa. Hali hiyo haimwachi mtu afikiri sawa.

Ikibidi likokotwe, angalia kwanza bima yako. Bima kubwa mara nyingi ina kifungu cha kuvutwa, ya watu wengine haina. Automobile Association of Kenya pia wana huduma ya uokoaji kwa wanachama, uliza kama wanafika unakokwenda kabla ya kulipa. Hiace yako kama ni ya gia ya mkono, yaweza kuvutwa kwa kamba au chuma masafa mafupi, lakini anayeshika usukani ajue kwamba injini ikiwa imezima breki ni ngumu mno na usukani ni mzito, kwa hiyo mwendo uwe wa taratibu. Ikiwa ni otomatiki, tairi za nyuma zisizunguke chini: ama ipandishwe juu ya lori, ama propela ifunguliwe. Mwaga maji ya tangi kabla ya kuivuta.

Kwa msomaji mwenye Hiace mpya zaidi, ya 1KD au nyingine yenye sindano za umeme, jaribio la dumu si lake, wala asilegeze nati za paipu za mafuta. Shinikizo kwenye paipu za sindano zile hupita baa 1,000, yaani kama mara elfu ya shinikizo la hewa ya kawaida, na mafuta yake hutoboa ngozi. Yeye amwite fundi mwenye mashine ya kusoma makosa, fundi huyo asome kabla ya betri kuchomolewa, na atazame shinikizo la mafuta gari likiwa linakosa nguvu. Ila mfuniko na karatasi vinamhusu vilevile.

Wewe anza wiki hii hapo mjini, usisubiri safari. Jaza mafuta mpaka juu, jaza maji, chukua fundi, mwende barabara ya Kilifi na kurudi. Njiani mfuniko msiufungue, maana kila ukifunguliwa hewa inaingia na mvuto unaanza upya; ufungueni kwa karatasi gari likianza kukosa nguvu, au mkifika mwisho wa safari. Mkihakikisha, siku ya pili mrudie njia ileile na maji yakiwa yamemwagwa. Kisha niandikie karatasi ilifanyaje mara zote mbili, na kama mpira umekutwa umebonyea karibu na mkanda nitumie picha, nikueleze upitishwe wapi.